Injini kuukuu haitaki mabavu, inataka vipimo

NYUMA ya nyumba nyingi katika mitaa ya magharibi mwa Nairobi, kuanzia Kangemi na Uthiru hadi Riruta na Dagoretti, kuna gari ambalo halijawaka kwa miaka. Limefunikwa turubai, magurudumu yamekwisha upepo, kuku wamelifanya makao na watoto hulitumia kwa mchezo wa kujificha. Mara nyingi ni Peugeot 404 au 504, gari ambalo baba au babu alilinunua akiwa kazini na ambalo liliibeba familia nzima kwenda mashambani wakati wa Krismasi, mizigo ikiwa imefungwa kwenye keria juu ya paa.

Kila baada ya siku chache wanunuzi wa vyuma vikuukuu hupita langoni wakiuliza: "Mama, hilo gari hamuuzi?" Bei wanayotoa ni ya kilo. Mzani wao hautofautishi injini na mabati ya paa.

Hapo ndipo mjadala huanza jioni mezani. Mama anataka nafasi ya kuanika nguo. Kijana aliye chuoni anasema gari linaweza kufufuliwa, akipewa Jumamosi zake na pesa kidogo. Baba ananyamaza. Anajua injini hiyo ilivyokuwa nzuri, lakini pia anajua karo ya muhula ujao haijalipwa.

Makala haya yanawahusu hao wote watatu. Kuifungua injini ya gari kuukuu na kuijenga upya nyumbani ni jambo linalowezekana, na jiji hili lina mafundi, maduka na karakana za kulifanikisha. Hata hivyo, wengi wanaoshindwa hawashindwi kwa kukosa nguvu, wala hata kwa kukosa pesa. Hushindwa kwa sababu walifungua kabla ya kuamua, na wakafunga kabla ya kupima.

Gari lililostahimili Safari

Vijana wa leo, waliozaliwa barabara zikiwa zimejaa magari ya Kijapani, huenda wakashangaa kwa nini wazee wanaipenda Peugeot kiasi hicho. Jibu limo katika historia ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka wa 1953.

Mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka kushindana na ni 7 pekee yaliyomaliza. Mwaka wa 1968 yaliondoka 93, na safari hiyo pia yakamaliza 7 tu. Katika miaka hiyo yote miwili, washindi walikuwa wale wale: Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Baina ya ushindi huo, Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania walishinda kwa 404 mwaka wa 1966 na wa 1967. Kisha mwaka wa 1975 Ove Andersson akashinda kwa 504. Mnunuzi wa gari aliyeyaona hayo hakuhitaji tangazo lingine.

Lakini kwa familia inayotafakari gari lililo nyuma ya nyumba, mfano bora zaidi ni wa mwaka wa 1965. Mwaka huo Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho, na nduguye Jaswant, walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshindanishwa katika Safari ya mwaka uliotangulia, nao wakainunua ikiwa imetumika na kuitengeneza wenyewe. Gari lililokwisha kuchakazwa na barabara hizo hizo likayashinda mengine yote, kwa kuwa waliolitengeneza walijua kila kilichokuwa ndani yake.

Amua kabla ya kushika spana

Swali la kwanza si la ufundi, ni la karatasi. Gari limesajiliwa kwa jina la nani? Ikiwa mwenye gari amefariki, gari hilo ni sehemu ya mirathi, na haliwezi kuhamishwa kwa jina la mtoto mmoja kabla ya utaratibu wa urithi kukamilika mahakamani. Kijana anaweza kutumia mwaka mzima na akiba yake yote kuijenga injini, halafu siku inapowaka ndugu wanne wanajitokeza kudai fungu lao. Ni heri familia ikae chini mapema, ikubaliane gari litakuwa la nani na nani analipia nini, na maneno hayo yaandikwe.

Aidha, soma nambari ya injini iliyopigwa kwenye bloki na uilinganishe na iliyo katika logbook. Bloki ikipasuka na ukalazimika kununua nyingine, nambari itabadilika, na mabadiliko hayo ni lazima yafikishwe kwa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA. Usinunue bloki ya mtu asiyeweza kueleza ilikotoka.

Swali la pili ni hali ya gari lenyewe. Injini inaweza kujengwa upya, lakini bodi iliyoliwa na kutu hadi kwenye sakafu na nguzo za milango itameza pesa mara kadhaa ya injini. Inua zulia, gonga kwa bisibisi chini ya milango. Chuma kikitoboka kama biskuti, pengine yule mnunuzi wa langoni ana hoja, na haifai kuona aibu kumuuzia.

Swali la tatu ni la pesa. Fanya hesabu tatu katika daftari moja: vipuri, kazi ya karakana ya mashine, na fungu la dharura. Tembelea maduka na karakana ukiwa na orodha, uandike bei, kabla hujalegeza nati hata moja. Kisha ongeza fungu la dharura, kwa maana injini haitoi siri zake zote mpaka ifunguliwe. Ikiwa jumla hiyo itagusa karo au kodi ya nyumba, ngoja. Injini iliyotiwa oili kidogo ndani ya silinda na kufunikwa vizuri itasubiri mwaka mmoja zaidi. Iliyofunguliwa nusu na kuachwa wazi haitasubiri. Itashika kutu, na vipande vyake vitapotea kimoja kimoja.

Jua unachokifungua

Msomaji aliye shuleni anaweza kuanza na hesabu ndogo. Injini ya Peugeot 404, gari lililozinduliwa mwaka wa 1960, ina silinda 4. Kila silinda ina upana wa milimita 84 na pistoni husafiri milimita 73. Tafuta eneo la duara, zidisha kwa urefu wa safari ya pistoni, na utapata takriban sentimita 404 za ujazo kwa kila silinda. Zidisha kwa 4 upate 1,618, ambayo ndiyo saizi ya injini hiyo. Kwamba silinda moja inatoa nambari ya jina la gari ni sadfa tu. Peugeot imekuwa ikitumia majina ya tarakimu 3 zenye sufuri katikati tangu 201 ya mwaka wa 1929.

Uzuri wa injini hii kwa mtu wa nyumbani ni laina zake. Katika injini nyingi, pistoni husafiri ndani ya tundu lililochongwa katika bloki yenyewe, na tundu hilo likiisha ni lazima bloki ipelekwe ikachongwe upya. Katika 404 na 504 za petroli, kila pistoni husafiri ndani ya bomba la chuma linaloweza kuchomolewa, na maji ya kupoza injini hulizunguka bomba hilo moja kwa moja. Laina zikiisha, hununuliwa seti mpya ya laina 4 pamoja na pistoni na ringi zake zilizolinganishwa kiwandani, na bloki inabaki nyumbani.

Lakini laina hizo zina mtego wake. Zimekaa juu ya gasketi nyembamba zilizo chini, na kinachozishikilia ni hedi inayozikandamiza kutoka juu. Ukishaondoa hedi, ukazungusha krankshafti bila kuzibana laina, pistoni zitaziinua, gasketi za chini zitaachia, na maji yatashuka kwenye oili. Mtu aliyetaka kubadilisha gasketi ya hedi tu hujikuta na injini nzima ya kufungua. Ikiwa nia yako si kuziondoa laina, zibane kwanza kwa vipande vya chuma na boliti.

Jambo jingine la kujua ni kwamba hesabu ya silinda katika Peugeot hizi huanzia upande wa flaiwili, karibu na giaboksi, na si upande wa redieta kama katika magari mengi ya Kijapani. Mpangilio wa kuwaka ni 1, 3, 4, 2. Ukiunganisha nyaya za plagi ukihesabu kutoka mbele, injini itakohoa na kupiga moto kwenye kabureta, nawe utalaumu kila kitu isipokuwa hesabu. Vilevile, 404 za mwanzo zilikuwa na beringi kuu 3 za krankshafti na za baadaye zina 5. Hesabu zako kabla ya kwenda dukani.

Mikebe, daftari na kamera

Injini hii ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Usiitundike kwenye tawi la mparachichi wala kwenye boriti ya paa la mabati. Kodi winchi ya mnyororo na fremu yake, na uwe na watu wazima wawili walio makini. Gari lililoinuliwa liwekwe juu ya stendi za chuma, kamwe si juu ya jeki peke yake wala mawe ya kujengea, na asiwepo mtoto chini yake hata kwa dakika moja.

Kazi ya kufungua ni rahisi kuliko zote, na ndiyo maana ni hatari. Mtu akishika kasi, kufikia jioni ana rundo la vyuma asilojua mwanzo wala mwisho wake. Mafundi wa zamani walitumia mikebe ya Kimbo: mkebe mmoja kwa kila sehemu, na jina limeandikwa juu yake. Siku hizi simu inapiga picha, na ni vyema kupiga kila sehemu kabla ya kuigusa, lakini picha haitunzi nati. Tumia vyote viwili, pamoja na daftari la kuandika kila kilichotoka na mpangilio wake. Kazi hiyo ya uandishi inafaa kupewa mtoto wa darasa la 6 au la 7. Atakuwa mkali kuliko karani wa benki.

Zipo sehemu zisizobadilishana nafasi hata zikifanana kama mapacha. Kofia ya kila konrodi ni ya konrodi yake, tena kwa upande wake. Kofia za beringi kuu ni vivyo hivyo. Visukumio vya valvu virudi vilikotoka, kwa kuwa kila kimoja kimesuguana na jino lake la kamshafti kwa miaka mingi na kulizoea. Tia alama kwa nambari kabla ya kufungua.

Kipimo ndicho hakimu

Hapa ndipo injini nyingi zilizofunguliwa nyumbani huharibikiwa. Mtu hutazama krankshafti, huipitishia kidole, huiona inang'aa na kusema, "Hii bado." Kidole hakiwezi kujua. Unywele wa binadamu una unene wa takriban sehemu 7 za mia za milimita, ilhali beringi ya konrodi inaweza kuanza kugonga kwa tofauti ndogo kuliko unywele huo.

Anayetaka kufanya kazi hii anahitaji vyombo vitatu vya kupimia. Cha kwanza ni maikromita, ya kupimia unene wa krankshafti. Pima kila sehemu ya kuzungukia mara mbili, kwa pembe tofauti, kwa maana haiishi sawasawa, hugeuka yai. Cha pili ni fila geji, vile vijembe vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake, vya kupimia pengo la ringi, nafasi ya valvu na kiasi ambacho laina imechomoza juu ya bloki. Kiasi hicho cha laina ni kidogo mno, lakini kikikosekana, hedi haitazibana na gasketi itaungua. Cha tatu ni rula ya chuma iliyonyooka kikamilifu, ya kuwekwa juu ya hedi ili kuona kama imepinda.

Vipimo vyenyewe vimo katika kitabu cha gari. Wauzaji wa vitabu kuukuu katikati mwa jiji huwa na vitabu vya mafundi, vikiwemo vya Haynes, vilivyochakaa kwa oili ya wenye navyo wa kwanza. Tafuta kinachohusu injini yako hasa, si kinachofanana nayo. Andika safu mbili katika daftari: kipimo cha kitabu na kipimo ulichopata. Safu hizo mbili ndizo zitakazosema ni nini kinunuliwe, si fundi, si muuzaji wa duka, wala si hamu yako.

Kutoka Kangemi hadi Grogan

Zipo kazi zisizofanyika nyumbani. Kusaga krankshafti, kunyoosha uso wa hedi, kubadilisha mahali pa kukalia valvu na kupima kama hedi imepasuka ni kazi za mashine. Karakana hizo ziko katika eneo la Viwandani na pembezoni mwa barabara ya Kirinyaga, ambayo wakazi wengi wangali wanaiita Grogan. Huko, kati ya mzunguko wa Globe na mto Nairobi, maduka ya vipuri yamebanana hivi kwamba mtu mwenye kipuri mkononi atapata mwenzake kabla ya kufika mwisho wa barabara, au ataelekezwa kwa mtu anayemjua mtu.

Mwenye gari kutoka Kangemi au Kawangware hana haja ya kukodi lori. Hedi ya Peugeot ni ya aluminiamu na mtu mmoja huibeba. Ifunge kwa gunia safi, uipande nayo matatu, uilipie nafasi ikibidi, lakini usiilaze pale ambapo abiria watakanyaga. Krankshafti isafirishwe ikiwa imefungwa nguo na kuwekwa wima au imeegemezwa vizuri, kwa kuwa ikigongwa hupinda.

Ukifika kwa fundi wa mashine, usiseme, "Nitengenezee." Sema vipimo. Mazungumzo huwa kama haya:

"Mzee, hii krankshafti nisage ngapi?"

"Kijana, ipime kwanza mbele yangu. Mimi nimepata hivi, hapa katika daftari. Tukikubaliana, tusage hatua ya kwanza, robo ya milimita."

"Na beringi unazo?"

"Sijanunua. Nitanunua baada ya wewe kumaliza."

Huyo ni mteja ambaye fundi atamheshimu. Krankshafti husagwa kwa hatua, robo ya milimita na kisha nusu, na beringi za unene unaofaa kila hatua huuzwa. Aliyenunua beringi kabla ya kusaga amebahatisha. Pia thibitisha kwanza kwamba beringi za hatua hiyo zinapatikana madukani, la sivyo utakuwa na krankshafti nzuri isiyo na wa kuivalisha.

Kwa vipuri, chukua kile cha zamani ukilinganishe na kipya kwa macho na kwa kipimo pale pale kaunta. Bei rahisi kupita kiasi ni onyo. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika zaidi ya miaka 8, magari mengi yaliyopo barabarani ni ya aina nyingine na wenye maduka hawaweki vipuri vingi vya Peugeot za zamani. Uliza kwa subira, na usikubali "hii inaingia" mpaka uone imeingia.

La kuhuzunisha ni kwamba mafundi waliojifunzia kazi kwenye injini hizi zikiwa mpya ni wazee sasa, na wengi wamerudi mashambani. Ukimpata mmoja, umlipe hata kwa siku moja tu aje akutazamie kabla hujafunga injini. Kuna mambo anayoyajua kwa sikio ambayo hayamo kitabuni.

Petroli, mwinuko na maji

Wenye magari ya zamani waliingiwa na hofu petroli yenye risasi ilipoondolewa humu nchini mwanzoni mwa mwaka wa 2006. Risasi hiyo ilidhuru akili za watoto, na kuondolewa kwake duniani kote kulikamilika Algeria ilipoacha kuiuza mwezi Julai 2021, habari iliyotangazwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake hapa Gigiri. Lakini risasi pia ililinda mahali pa kukalia valvu katika hedi za chuma laini. Mwenye Peugeot ana afueni: hedi ya aluminiamu huwa imepachikwa pete za chuma kigumu zaidi pale valvu zinapokaa. Mwambie fundi wa mashine azikague, na zilizolegea zibadilishwe.

Jambo la pili ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hapa hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyorekebishwa Mombasa itachanganya petroli nyingi kuliko hewa, na plagi zitakuwa nyeusi kwa masizi. Vilevile, maji huchemka hapa kwa takriban nyuzi 94 badala ya 100. Kinachozuia maji ya redieta yasichemke mapema ni mgandamizo unaohifadhiwa na kifuniko chake. Kifuniko kilichochoka ni kitu kidogo, lakini kimepindisha hedi nyingi za aluminiamu kwenye mlima wa kutoka Naivasha.

Tena, usijaze redieta maji ya mfereji pekee. Maji matupu hula aluminiamu na kutoboa laina kutoka nje. Tumia dawa ya kupozea injini inayofaa aluminiamu.

Siku ya kufunga na siku ya kuwasha

Kufunga kufanyike mahali pasipo vumbi, mikono ikiwa safi kama ya mpishi. Chembe moja ya mchanga kwenye beringi huchora krankshafti mpya siku ile ile. Safisha njia zote za oili, pulizia hewa, paka oili kila kinachosuguana. Hedi ifungwe kwa spana ya kupimia nguvu, ile mafundi waiitayo toki renchi, ukianzia nati za katikati kwenda nje, kwa awamu, hadi kipimo cha kitabu. Anayefunga hedi kwa kukadiria na bega lake ataifungua tena.

Kabla ya kuwasha, toa plagi zote na uzungushe injini kwa stata mpaka kipimo cha oili kionyeshe kwamba oili imepanda. Ndipo uzirudishe. Injini ikiwaka, usiiache ikinguruma polepole kwa saa nzima ili majirani waje kutazama. Ringi mpya hukaa vizuri injini inapofanya kazi, mwendo ukibadilikabadilika. Badilisha oili mapema, baada ya kilomita 500 hadi 1,000, na ukague tena ukazaji wa hedi kama kitabu kinavyoagiza.

Kuhusu usalama, sheria ni chache lakini hazina msamaha. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, kwa maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua mtu akisinzia. Petroli isitumiwe kuosha vipuri karibu na jiko wala taa ya moto. Oili chafu isimwagwe mferejini, kwa sababu mifereji yetu hukimbilia kwenye mito. Ikusanye kwenye mtungi na uipeleke kwa wanaoikusanya.

Faida isiyopimwa kwa kilo

Je, mwisho wa yote kuna faida? Kwa pesa taslimu, mara nyingi la. Gari lililojengwa upya huenda lisiuzwe kwa bei iliyoligharimu, na anayelijenga kwa nia ya kuuza atafute biashara nyingine. Faida iko kwingine.

Kijana aliyepima krankshafti kwa mkono wake ameelewa sehemu za mia, eneo la duara na msuguano kwa namna ambayo ubao wa darasani haukuweza kumfunza. Akipenda kazi hiyo, milango iko karibu. Kabete, kando ya Waiyaki Way, mafunzo ya ufundi yalianza mwaka wa 1924, na chuo kilichoko huko leo ni chuo cha kitaifa cha kiufundi. Mjini kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, kilichoanza kama Kenya Polytechnic. Hata aliyejifunzia jua kali anaweza kufanya mtihani wa daraja wa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, na kupata cheti.

Nao wanaolipenda gari kwa ajili ya gari wana mahali pa kulionyesha. Kila mwaka katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, chama cha wenye magari ya Alfa Romeo huandaa shindano la magari na pikipiki, Concours d'Elegance, ambapo waamuzi hukagua injini, viti, rangi na hata chini ya gari. Kwa wenye mifuko mizito zaidi, Safari ya magari ya zamani, iliyoanza mwaka wa 2003, imezirudisha barabarani injini za enzi hizo.

Lakini familia nyingi hazitafika huko, wala hazina haja. Zinataka tu gari la mzee liwake, liende mashambani na kurudi bila kuvutwa kwa kamba. Basi anzeni na lile daftari. Jumamosi ijayo, badala ya kutafuta spana, kaeni mezani muandike gari ni la nani, bodi yake ina hali gani, na pesa zipo au hazipo. Jibu likiwa hapana, muuzeni kwa moyo mweupe. Likiwa ndiyo, tafuteni mikebe.